Kuitafuta Edo ndani ya Tokyo

Umeuliza: ukiwa na asubuhi moja tu Tokyo, utaiona wapi Edo, yaani Tokyo ya zamani, na jina lilibadilika vipi? Achana na maghorofa, nenda Bustani za Mashariki za Kasri la Mfalme. Kiingilio bure, ila Jumatatu na Ijumaa kwa kawaida hufungwa. Panda lile jukwaa la mawe makubwa yaliyochongwa yakashikana. Mnara mkuu wa ngome ya Edo ulikuwa hapo. Uliungua kwenye moto wa 1657, haukujengwa tena.

Ngome aliianzisha mpiganaji Ota Dokan mwaka 1457, lakini mji ulikua baada ya mbabe wa vita Tokugawa Ieyasu kuhamia 1590, akawa shoguni, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani, 1603. Kilichoujaza watu hasa ni amri ya 1635: watawala wa majimbo wakae Edo kwa zamu, kwa kawaida mwaka huku mwaka kwao, na wake na watoto wao wabaki Edo. Mateka hao, tuseme ukweli! Misafara ya watawala hao ilihitaji kula na kulala, basi mafundi na wachuuzi wakamiminika. Karne ya 18 watu walikaribia milioni.

Ushoguni ulipoanguka, 1868 Edo ikaitwa Tokyo, yaani mji mkuu wa mashariki, kwa kuwa mfalme alikuwa bado Kyoto, magharibi. Mwaka uliofuata akahamia humo humo ngomeni.