Nimepungua kilo 16, watu wanaona ugonjwa

SWALI: Shikamoo Bibi Nesi. Nina miaka 41, urefu sentimita 160. Mwaka jana presha ilinipanda, daktari akasema nipunguze uzito. Kwa kutembea na kuacha soda na wali wa usiku nimetoka kilo 92 hadi 76. Sasa kila mtu anauliza naumwa nini. Juzi msibani shoga yangu alinishika mkono, akakizungushia kifundo vidole viwili, akatikisa kichwa. Mama mkwe ananiletea uji wa lishe kila jioni. Nafikiria kurudisha mwili. – Mama Wawili, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usirudishe hata kilo moja. Gawanya kilo zako 76 kwa 1.6, yaani urefu wako kwa mita, jibu ligawanye tena kwa 1.6: unapata 29.7. Uzito uliozidi unaanzia 25. Huyo wanayesema amekwisha, kwenye mzani bado ana mwili wa ziada.

Mimi nilianza unesi Bukoba miaka ya themanini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka Waganda waliuita Silimu, kwa jinsi ulivyokondesha. Tulizika vijana waliobaki mifupa. Tangu hapo mtu akipungua, tunakumbuka makaburi yale kabla hatujamtazama vizuri.

Hata mimi. Mwaka 2004, ARV zilipoanza kutolewa bure, aliingia chumba cha dawa mama mmoja mnene, kitenge kimemkaa. Nikamwambia, "Mama, wanaosindikiza wagonjwa wakae nje kwenye benchi." Akafungua mkoba, akaninyooshea kadi yake bila kusema neno. Miaka ishirini kazini, nami nilimhesabu mzima kwa unene wake! Mkono ule sijausahau.

Mama mkwe anaogopa kukuzika. Usigombane naye. Siku ya kliniki nenda naye, asimame pale kwenye mzani, asikie presha yako ikisomwa. Na magauni ya kilo 92 yapeleke kwa fundi ayabane, maana nguo inayoning'inia mabegani humfanya mtu aonekane mgonjwa. Dawa za presha usiziache mpaka daktari aseme. Kilo zikishuka bila wewe kujitahidi, hapo wahi hospitali.

Uji pokea, kunywa kikombe kimoja bila sukari, na umshukuru.