Wasomaji wanauliza: Kikombe cha mboga ni gramu ngapi?

SWALI: Mapishi ya keki ya karoti yanataka vikombe 2 vya karoti zilizokwaruzwa. Mimi nina mzani. Kwa kuwa kikombe ni mililita 250, je, nipime gramu 500?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana, keki itabaki mbichi katikati. Mililita 250 huwa gramu 250 kwa maji, si kwa mboga. Karoti ikikwaruzwa, hewa hujaa katikati ya nyuzi zake, ndiyo maana kikombe hubeba gramu 110 hivi. Vikombe viwili ni gramu 220. Ukiweka 500 umezidisha zaidi ya maradufu, na karoti yenyewe ni maji karibu asilimia 88. Sokoni chukua robo kilo, yaani karoti 4 za wastani. Maganda na vichwa vitakula kama sehemu ya kumi.

Anayeamua uzito ni kisu. Karoti hiyohiyo ukiikata vipande vidogo, kikombe kinafika gramu 130. Kabichi iliyokatwa nyembamba kama ya kachumbari ni gramu 70, ya vipande ni 90. Vitunguu maji vilivyokatwakatwa ni 160 (kitunguu kimoja na nusu cha wastani), hoho na viazi vya vipande 150, nyanya 180. Hizi ni wastani, na ni za mboga iliyokwisha kumenywa, iliyojazwa bila kukandamizwa. Ukishindilia kwa kijiko, kabichi inaongezeka sana; nyanya haibadiliki kiasi hicho.

Halafu kuna kikombe chenyewe. Cha Marekani ni mililita 237, cha vipimo vya metriki ni 250. Tofauti hiyo ni kama asilimia 5 na mchuzi hauijali. Cha kuogopa ni kikombe cha chai cha nyumbani, maana vingine hupita mililita 300. Kiweke juu ya mzani, rudisha sifuri, kijaze maji: gramu utakazosoma ndizo mililita zake.

SWALI: Mapishi yakisema kikombe 1 cha mchicha uliopikwa, ninunue kiasi gani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mchicha mbichi uliojazwa bila kubanwa ni kama gramu 28 tu kwa kikombe, uliopikwa ni 130. Kwa hiyo andaa vikombe 5 au 6 vya majani mabichi, kama gramu 150, na hayo ni majani matupu. Fungu la sokoni lina mashina na mizizi, basi chambua kwanza ndipo upime. Upime pia ukiwa mkavu, kwani majani yaliyotoka kuoshwa hubeba maji yanayodanganya mzani. Ukiukamua baada ya kuchemsha, kikombe kitataka majani mengi zaidi.

SWALI: Njegere za maganda nazipigiaje hesabu? Na kijiko cha dania iliyokatwa, mzani wangu hausomi kitu!
Msomaji, Nakuru

JIBU: Kikombe cha njegere mbichi zilizobanduliwa ni gramu 145. Maganda ni zaidi ya nusu ya uzito unaolipia, hivyo nunua gramu 400 hivi ili upate kikombe kimoja.

Dania iliyokatwa ni gramu 1 hivi kwa kijiko kikubwa, na mizani mingi ya jikoni haiaminiki chini ya gramu 5. Kiasi kidogo hivyo kipime kwa kijiko, usihangaike na gramu. Ukitaka namba yako mwenyewe, jaza kikombe kizima, sawazisha juu, pima, mwaga, rudia mara tatu, chukua wastani, kisha gawa kwa 16 kama kikombe ni cha Marekani. Cha mililita 250 kina vijiko vya mililita 15 karibu 17.