Je, Rangi Ndiyo Iliyougeuza Mtaa wa Cais do Sodré?

SWALI: Mhariri, salaam. Nimesikia kwamba Cais do Sodré, mtaa wa bandarini jijini Lisbon, ulikuwa maskani ya mabaharia na madanguro, ukawa kitovu cha starehe za usiku baada ya barabara yake moja kupakwa rangi ya waridi. Je, rangi inaweza kufanya hayo? Na baa za zamani ziliishia wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, barabara unayoitaja ni Rua Nova do Carvalho, na rangi hiyo ilipakwa mwaka 2011, wakati kazi kubwa ilikwisha kufanyika. Zamani meli ilikaa gatini siku nyingi ikipakuliwa gunia kwa gunia, na baharia mwenye mshahara mfukoni alishuka kutafuta kinywaji na mwanamke. Ndiyo maana baa za hapo ziliitwa Oslo, Copenhagen, Liverpool, Jamaica na Tokyo, ili mgeni ajione kama yuko kwao au kwenye bandari anayoijua. Makontena yalipoenea kuanzia miaka ya 1960, shehena ikawa inashushwa kwa saa chache tu, tena mbali na mitaa ya katikati ya jiji, na wateja wale wakatoweka bila mtu yeyote kuwafukuza.

Kilichobaki ni vyumba vya kodi nafuu, leseni za kukesha, na kituo cha treni na vivuko hatua chache kutoka hapo. Wenye vipaji na mitaji midogo hawakuhitaji zaidi. Mwaka 2006 ukumbi wa muziki wa Musicbox ulifunguliwa chini ya tao la daraja linalopita juu ya barabara hiyo. Duka la zana za uvuvi likageuzwa kuwa baa ya Sol e Pesca, ambamo nyavu na ndoana ziliachwa zining'inie na mteja huchagua kopo la dagaa kwenye kabati la kioo, likafunguliwa mbele yake. Nyumba ya wageni iliyokodishwa kwa saa ikawa baa ya Pensão Amor, nayo haikuficha biashara yake ya awali, iliifanya pambo. Mimi naona hapo pana ukakasi kidogo, kwa kuwa umaskini wa wanawake waliojiuza humo umekuwa kivutio ambacho wao hawana hisa ndani yake.

Rangi, pamoja na kuzuiwa kwa magari, iliutangaza mtaa ambao tayari ulikuwa na wateja, ikawaleta watalii kwa makundi na kelele ambazo wakazi wamezilalamikia tangu hapo. Thamani ya majengo nayo ikapanda. Jamaica na Tokyo, zilizostahimili miongo ya umaskini wa mtaa, hazikustahimili umaarufu wake: baada ya mvutano mrefu na wenye jengo waliotaka hoteli, zilihamia Cais do Gás, kando ya mto Tagus, mwaka 2022.