Breka inakata kila jioni, na friji haina kosa

Masika ya mwaka jana nyumba yetu ya Kigamboni ilikuwa ikizimika kila jioni, kuanzia saa 1 hivi. Tulifanya kama wafanyavyo wote: tukachungulia kwa jirani kama taa zinawaka, tukaangalia uniti za LUKU. Jirani umeme upo, uniti zipo. Basi shida ni yetu, kwenye boksi la breka, na ilituchukua wiki tatu kwa sababu sikujua hata la kwanza kabisa la kuangalia: ni breka ipi iliyoshuka.

Maboksi mengi ya siku hizi yana breka ndogo ndogo zilizojipanga, kila moja na njia yake: taa, soketi, hita. Pembeni yake kuna moja pana yenye kitufe cha herufi T. Mafundi huiita RCD. Ndogo na pana hazikati kwa sababu moja.

Ndogo ikishuka, ama mzigo umezidi ama kuna shoti. Mzigo ukizidi, breka huchukua muda. Soketi zangu za jikoni ziko kwenye breka ya ampea 16. Birika la wati 2,200, jiko la koili la wati 2,000 na pasi ya wati 1,800, jumla wati 6,000; gawa kwa volti 230, ni ampea 26. Breka itavumilia dakika kadhaa, ipate joto, ikate. Shoti haisubiri: unapandisha tu, pa! imeshuka. Hapo usiendelee kuilazimisha, na ukisikia harufu ya kuungua zima kila kitu uite fundi. Halafu fundi akikwambia akuwekee ya ampea 32 ili isisumbue, mpe chai umuage. Breka inalinda waya uliomo ukutani. Ukiweka kubwa kuliko uwezo wa waya, waya ndio utakaoungua kwanza.

Yetu ilikuwa ile pana. Hiyo haihesabu mzigo. Inalinganisha umeme unaotoka kwenye waya wa laivu na unaorudi kwenye waya wa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, maana yake kuna mahali umeme unavuja kwenda ardhini, pengine kupitia mwili wa mtu, na inakata papo hapo.

Kumtafuta mkosaji unaweza kuanza mwenyewe bila kufungua boksi, mikono ikiwa mikavu na viatu miguuni. Shusha breka ndogo zote, pandisha ile pana, kisha pandisha ndogo moja moja. Ikikata kwenye njia fulani, chomoa plagi zote za njia hiyo. Nasema chomoa, kwa sababu swichi ya soketi mara nyingi hukata laivu peke yake. Kisha rudisha kimoja kimoja. Wa kushukiwa kwanza ni vyombo vya maji na joto: hita, birika, pasi, pampu ya kisima.

Nilifanya hivyo nikamkamata birika. Nikalitupa. Kesho yake ikawa jiko, kesho kutwa friji. Friji tukaisukuma hadi kwa jirani, ikakaa siku nne bila kukata chochote, nikaona ajabu. Kumbe boksi la jirani halina RCD kabisa! Pale hata ingevuja vipi, nani angejua? Na kwetu, bila friji, kiza kiliendelea kuja saa 1.

Fundi wa kwanza, kijana, alibadilisha RCD nzima kwa hela zangu. Ikakata vilevile. Aliporudi akairuka, yaani akaunganisha nyaya moja kwa moja bila kupitia humo. Usiku huo tulilala na taa, nikamshukuru, na mpaka leo naona aibu kulisema.

Mama mkwe ndiye aliyemleta fundi wake wa zamani. Mzee alifungua boksi, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, nani kairuka hii?"

"Fundi, mzee. Ilikuwa inatusumbua."

"Basi tangu juzi mnaoga bila mlinzi."

Akairudisha kama ilivyotakiwa. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: ukishusha breka zote ndogo, ile pana inakaa? Mchana inakaa, nikamjibu, lakini jioni wakati mwingine inaanguka hivyohivyo. Akacheka. Breka ndogo kama zetu zinakata laivu tu. Nyutro za njia zote hubaki zimeungana. Nyutro moja ikigusa ethi, yaani waya unaokwenda ardhini, popote nyumbani, chochote kikubwa utakachowasha, hata kizima kabisa, kitaonekana mkosaji, kwa sababu sehemu ya umeme wake inarudi kwa njia ya ardhi. Jioni mtaa mzima ukipika na kupiga pasi, nyutro ya nje nayo hupanda volti kidogo, ikatosha kuiangusha RCD hata sisi tusipowasha kitu.

Alizima mein swichi, akachomoa nyutro moja moja na kuipima na ethi kwa mita yake. Ya tano ilikuwa taa ya geti. Boksi la kuungia nyaya pale ukutani lilikuwa limejaa maji ya mvua na kiota cha sisimizi. Kiungo cha nyutro, kilichozungushiwa tepu tu, kilikuwa kimelala juu ya waya wa ethi. Breka ya taa hiyo nilikuwa nimeishusha tangu wiki ya kwanza nikidhani nimeshaiondolea lawama.

Akaweka boksi jipya lisilopitisha maji, chini ya upenu, akaunga kwa viunganishi vya skrubu. Akaniachia kazi ya kubonyeza kile kitufe cha T kila baada ya miezi mitatu: ikishuka, nzima, isiposhuka, nimpigie.

Friji ilichelewa kurudi. Jirani alishapanga samaki wake mle ndani, akaniomba nimvumilie hadi Jumamosi.