Kompyuta inajizima ghafla: usikimbilie kununua mazabodi

SWALI: Mtaalamu, habari. Nina kompyuta ya mezani yenye umri wa miaka 6. Nikiandika au kusoma barua pepe haina tatizo, lakini nikianza kuhariri video, baada ya dakika kumi hivi inazimika papo hapo bila onyo lolote. Fundi kaniambia mazabodi (ile bodi kuu inayounganisha vifaa vya ndani) imekufa, ninunue nyingine. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usinunue kwanza. Mazabodi mbovu mara nyingi haichagui kazi: itakusumbua hata unapoandika barua, au kompyuta isiwake kabisa. Yako inazimika ikibebeshwa mzigo tu, na hapo mimi hushuku mambo mawili, joto au pawa saplai, yaani kile kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme. Anza na joto, maana kulichunguza hakuna gharama.

Weka programu ya bure ya kusoma joto la prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu zote za kompyuta), kisha hariri video huku ukiitazama. Nyuzi 70 hadi 85 kwenye kazi nzito si jambo la kukutia hofu. Ikipanda hadi karibu 100, prosesa hupunguza kasi yake yenyewe, na joto likizidi hapo inakata kila kitu ili isiungue. Angalia pia inavyowaka tena. Ukiiwasha papo hapo baada ya kuzimika, ikazimika tena baada ya dakika mbili, lakini ukiiacha nusu saa ikadumu zile kumi, karibu hakika ni joto.

Zima, chomoa waya ukutani, fungua kava, na uguse chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Ukitazama feni ya prosesa kwa juu unaweza kudhani ni safi. Ing'oe. Chini yake, juu ya mapezi ya alumini ya hitisinki (chuma kinachotoa joto kwenye prosesa), utakuta vumbi limeshonana kama kipande cha blanketi, na hewa haipenyi hata kidogo. Nimeshafungua kompyuta nyingi za namna hii ambazo hazikuwa na ugonjwa mwingine wowote. Unapopuliza vumbi, zuia mapanga ya feni kwa kidole, kwani yakizungushwa kasi kupita kiasi beringi huharibika. Kagua pia miguu inayoishikilia hitisinki: mmoja tu ukiwa umechomoka, hitisinki haiigusi prosesa sawasawa.

Kwa miaka 6, pesti (ute wa kupitisha joto) iliyo kati ya prosesa na hitisinki huenda imekauka ikawa kama chaki. Hapa nenda taratibu. Washa kompyuta dakika chache kabla ya kufungua, pesti ipate joto na kulainika. Zima na uchomoe waya tena, halafu izungushe hitisinki kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinua. Ukiivuta moja kwa moja juu, prosesa zenye pini kwa chini, kama za AMD za soketi ya AM4, zinaweza kung'oka pamoja nayo na pini zikapinda. Inaniuma sana kuona prosesa nzima inaharibika kwenye kazi ya kusafisha. Futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili, weka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, kisha bana skrubu kwa kupishanisha pembe.

Ikiwa joto lilikuwa la kawaida kabisa na bado ilikata, geukia pawa saplai. Kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme), pima waya wa njano na mweusi kwenye plagi ya pini 4 iliyo wazi ndani ya kasha, kompyuta ikiwa kazini. Volti 12 inaruhusiwa kucheza kati ya 11.4 na 12.6. Ikishuka chini ya hapo kila unapohariri, badilisha pawa saplai nzima. Lakini hata ikisoma vizuri bado inaweza kuwa mbovu, kwa sababu multimita haioni mshuko wa sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo azima pawa saplai nyingine isiyo na kasoro, yenye wati za kutosha, ujaribu nayo. Usifungue pawa saplai yenyewe kamwe: kapasita zake kubwa (vijipipa vinavyohifadhi umeme) zinaweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomoa waya.

Yote hayo yakiwa salama, ndipo umulike tochi kwenye kapasita zinazoizunguka prosesa. Ukiona yenye kichwa kilichovimba au kilichovuja, fundi wako alikuwa na hoja.