Mahindi ya kula mwaka mzima bila dumuzi

Dada, umeuliza ufanyeje mahindi yako yasiliwe na dumuzi, yule mdudu anayetoboa punje ghalani, kabla ya mavuno mengine. Anza na ukavu. Yaanike juu ya turubai, kamwe si ardhini. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, si jambo la kuchezea, hasa mkiwa na watoto. Ukishapukuchua, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, uache dakika 15. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, rudisha juani. Yakikauka, pepeta, toa mabovu, jaza mfuko wenye tabaka usiopitisha hewa, kamua hewa yote na ufunge kila tabaka peke yake. Wadudu watakufa kwa kukosa hewa, bila dawa. Usiufungue kwa mwezi mmoja baada ya kuufunga. Maharage na kunde vivyo hivyo.