Fidla ya babu na jina la Stradivarius

SWALI: Nimerithi fidla ya marehemu babu, aliyekuwa akipiga taarabu hapa Unguja. Ukichungulia ndani unaona kikaratasi: "Antonius Stradivarius Cremonensis Faciebat Anno 1721", na chini yake kwa herufi ndogo, "Made in Czechoslovakia". Ubao wa juu umeachana na mbavu (mbao nyembamba za ubavuni) upande mmoja, na seremala jirani anataka kuubandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Je, ni Stradivarius ya kweli? Nimpe kazi?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na gundi, maana hiyo haingoji. Mwombe seremala aiweke chupa yake chini. Fidla hubandikwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama, inayolowekwa kwenye maji kisha ikapashwa moto taratibu, kama nyuzijoto 60, bila kuchemka. Gundi hiyo hulegea kwa joto na unyevu. Ubao wa juu ni wa msprusi, mti wa nchi za baridi, na hewa ya pwani huuvimbisha na kuusinyaza. Ukishabanwa sana, kiungo huachia kabla ubao haujapasuka. Hicho ndicho kilichotokea kwako, na ni heri. Ukitia gundi nyeupe, safari ijayo utapasuka ubao wenyewe, na fundi atakayetaka kuufungua ataumega.

Kuhusu jina: Antonio Stradivari, fundi mashuhuri wa fidla wa Cremona, Italia, alifariki 1737, na Chekoslovakia ilizaliwa 1918; kwa hiyo yako si kazi yake. Hata hivyo usimwone aliyebandika kikaratasi hicho kuwa tapeli. Katika biashara ile jina hilo lilitaja umbo lililoigwa, na vikaratasi vya namna hiyo vilibandikwa kwa maelfu.

Yako inaelekea imetoka Schönbach, mji mdogo wa magharibi mwa Bohemia, katika Ucheki ya leo, ambao sasa huitwa Luby. Kazi ilikwenda nyumba kwa nyumba: hapa wanachonga vichwa tu, pale mbao za mgongo, kwingine mbavu, kisha mfanyabiashara anakusanya na kuunganishisha. Mtu alijifunza kwa baba yake, akazeeka akichonga vichwa vya fidla, na jina lake halikuandikwa popote. Kila nikiifungua moja, nikaona alama za patasi ambazo hakuna aliyezipiga msasa, humfikiria mtu huyo. Shule ya uchongaji ilifunguliwa mjini hapo 1873. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakazi wa asili ya Kijerumani, ambao ndio waliokuwa mafundi wengi, walifukuzwa. Wengi wao walianza upya Bubenreuth, Bavaria, Ujerumani.

Wapo Wacheki waliochonga fidla nzima peke yao. Věnceslav Metelka (1807–1867) alifundisha watoto shuleni Paseky, kwenye milima ya Krkonoše, na huko huko akachonga fidla na kuwarithisha wengine ufundi.

Ili ujue yako ni ya kiwango gani, ingiza mwanga wa tochi na kioo kidogo kwenye matundu. Tazama kama pembe zina vijibao vya kuziimarisha kwa ndani. Kisha tazama upapi mrefu ulio chini ya ubao wa juu: ukiwa umebandikwa, vizuri; ukiwa umechongwa pamoja na ubao, hiyo ni kazi ya haraka ya bei nafuu. Nafuu haina maana ya mbovu. Nimesikia fidla za namna hiyo zikiimba vizuri sana baada ya matengenezo ya uangalifu.

Kwa sasa legeza nyuzi zote kidogo kidogo, usimalize mmoja ukaenda kwa mwingine. Daraja, yaani kile kibao kinachobeba nyuzi, likianguka na ukasikia kijiti kikigonga ndani, usikivue kwa waya. Kinasimama bila gundi kati ya ubao wa juu na mgongo, kikipeleka mtikisiko kutoka mmoja hadi mwingine, na Wacheki hukiita duše, yaani roho. Kiache humo humo mpaka umpate fundi wa gundi ya ngozi.